Jina Pereira kwenye karatasi ya kambo: ni la damu, la kanisa au la reli?

Binti Katuba

Jambo yenu wote. Mimi ni mwana wa Lubumbashi, nimezaliwa Katuba, na kwenye vitambulisho vyangu vyote jina la ukoo ni Pelela. Toka utoto nilijua ni jina la kwetu, kama Ilunga au Kasongo. Shuleni wenzangu waliniita "mpelelezi". Niliumia, kisha nikazoea.

Mwezi uliopita shangazi alifungua sanduku la bati la kambo, yaani baba yake baba. Kambo alifariki mwaka 1996 na hakuna aliyegusa vitu vyake tangu hapo. Tulikuta kadi yake ya kazi ya reli, ile BCK ya zamani, filimbi, na karatasi moja ya Kireno iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Ina muhuri wa misheni ya huko Vila Luso, Angola, na mwaka 1941. Jina la kambo la ubatizo lipo, na nyuma yake limeandikwa wazi: Pereira.

Shangazi hakushtuka. Alisema: "Ndiyo, tulikuwa ba Pereira. Mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kigeni, papa alikwenda komini akaandikisha Pelela. Karani alilisikia kama jina la kimila, akapiga muhuri."

Tangu siku ile nyumba haina amani. Baba mdogo anasema sisi ni wajukuu wa mfanyabiashara Mreno, ndiyo sababu kambo alikuwa na ngozi nyeupe kidogo. Shangazi anakasirika, anasema hakuna Mreno aliyewahi kula bukari kwenye sahani ya nyumba yetu. Baba yangu ananyamaza. Kambo mwenyewe hakutuachia hadithi. Alituachia amri moja tu: kila mtoto wake wa kiume akipata kijana wa kwanza, amwite Kayombo. Kaka yangu ni Kayombo, na kwa baba mdogo yupo Kayombo mwingine. Sisi tulidhani ni rafiki yake wa kazini.

Nikitafuta Pereira kwenye simu naletewa Brazil, India, Sri Lanka, hata wenye mabenki wa Paris. Jina moja limefikaje kote huko? Na la kambo lilitoka wapi? Mwenye kujua anisaidie, ni jambo la moyoni.

Kijana Ruashi

Yaya, kama kambo alikuwa Pereira, peleka ile karatasi kwenye ubalozi wa Ureno. Pale Kenya kuna jamaa wanasema jina la Kireno linatosha kuomba pasipoti. Usilikalie.

Mzee wa Reli

Kijana, usimpeleke mwenzako kwa watu wa kumlia pesa. Sheria ya Ureno haiangalii jina. Inaangalia kama mzazi au kambo alikuwa raia wa Ureno na ameandikwa kwenye vitabu vyao. Kwa jina peke yake, nusu ya Brazil ingekuwa na pasipoti hiyo.

Sasa nije kwako, mama. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, kuanzia KDL hadi SNCC, na nimeishi na watu wa Angola huko Dilolo na hapa Kamalondo. Majina haya nimeyafuatilia muda mrefu, kwa sababu mke wangu marehemu naye alikuwa wa ukoo wa Teixeira, na wanangu waliniuliza hayo hayo unayouliza wewe.

Pereira kwa Kireno ni mti unaozaa tunda waliitalo pera. Kule kwao kaskazini, na jirani zao Galicia huko Uhispania, kuna vijiji na mashamba mengi yenye jina hilo, kama sisi tunavyosema Kwa Mwembe au Kwenye Mikuyu. Mtu akihama anaitwa "wa Pereira", halafu "wa" inadondoka. Kwa hiyo tangu mwanzo halikuwa jina la mtu mmoja wala la damu moja. Ukoo mmoja wa wakubwa ulilichukua kutoka kwenye shamba lao na ukalipa sifa. Huko ndiko alikotoka Nuno Álvares Pereira, jemadari aliyewapiga Wakastilia wa Uhispania kule Aljubarrota mwaka 1385. Binti yake aliolewa na mtoto wa mfalme, na uzao wao ni nyumba ya Bragança, iliyotawala Ureno kuanzia 1640 hadi 1910. Yeye mwenyewe aliishia kuwa mtawa, na Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Basi kila Pereira duniani hupenda kusema "mimi ni wa yule". Maskini waliotoka kijiji chenye mti wa pera walikuwa wengi kuliko wajukuu wa jemadari.

Kufika huku kwetu, jina hili lilikuja kwa njia mbili.

Njia ya magharibi unaifahamu, maana kambo wako aliipita. Mji wa Benguela ulianzishwa mwaka 1617 na gavana aitwaye Manuel Cerveira Pereira. Umeona? Mji uliotoa jina kwa reli yetu uliundwa na Pereira. Mwaka 1902 Mskoti Robert Williams alipewa haki ya kujenga reli kutoka baharini Lobito, ili shaba ya Katanga isizunguke mbali. Kilomita 1,344 hadi mpakani Luau, mji ambao Wareno waliuita Teixeira de Sousa. Walifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 reli ikaungana na yetu pale Tenke. Tangu hapo Wachokwe, Waluvale na Wa-Ovimbundu walikuja kwa treni na kwa miguu, kutafuta kazi au kukimbia kodi na kazi za lazima za Wareno. Wengine walifika na karatasi zenye Pereira, Teixeira, Fernandes, na midomo yetu ikazigeuza. Sisi R na L ni ndugu. Pereira kuwa Pelela hapa Lubumbashi si ajabu hata kidogo, ilianza mdomoni kabla ya kufika komini.

Njia ya pili ni ya mashariki, nayo wengi hawaijui. Mwaka 1796 mtu aitwaye Manuel Caetano Pereira alifika kwa Mwata Kazembe, bonde la Luapula, ng'ambo ya kule Kasenga tunakoletewa samaki. Alikuja na biashara kutoka Tete, Msumbiji. Baba yake, Gonçalo Caetano Pereira, hakuzaliwa Lisbon. Alikuwa Mgoa, mtu wa India, aliyekuja Zambezi kufanya biashara ya dhahabu, na uzao wake ukawa ukoo wa watawala wa Makanga, kaskazini ya mto huo. Habari za safari hiyo ndizo zilizomvuta gavana Lacerda aje kwa Kazembe mwaka 1798, akafia huko huko. Hivyo ba Pereira waliofanya biashara karibu na Katanga zaidi ya miaka mia mbili iliyopita walitoka India. Mwambie baba yako mdogo hilo, aache kuhesabu jina kwa rangi ya ngozi.

Mwana Upanga

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Mzee, nimefurahi kumkuta Mgoa kwenye habari za Luapula! Mimi ni Mgoa, na bibi mzaa mama alikuwa Pereira.

Dada, kwetu jambo hili halina siri. Wareno waliichukua Goa mwaka 1510 na hawakutoka hadi 1961. Watu walipobatizwa, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, walipewa jina la padre au la yule aliyewasimamia. Kijiji kizima kingeweza kutoka kanisani na jina moja! Ndiyo maana ukikutana na Pereira wawili wa Goa wanaweza wasiwe na undugu wowote. Babu zetu walikuja Afrika Mashariki kuwa makarani, washoni, wapishi na wapiga muziki, na majina yakaja nao Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala.

Ila familia nyingi hazikusahau. Bibi alikuwa akituambia sisi kabla ya ubatizo tulikuwa Prabhu. Jina hilo halipo kwenye cheti chochote, lakini lipo nyumbani. Huko Mangalore pia Wakatoliki wana majina hayo ya zamani, Kamath, Shenoy, Pai, na wanayakumbuka hasa wakati wa kuozesha watoto.

Sri Lanka ni hivyo hivyo, ila huko wameandika Perera. Wareno walikaa pwani ya kisiwa hicho kuanzia 1505 hadi Waholanzi walipowatoa mwaka 1658, na leo Perera ni miongoni mwa majina yanayopatikana sana kule. Wengi wao ni Wabudha! Kanisa liliondoka mioyoni, jina likabaki. Malaka nako, mji uliokuwa wa Wareno kuanzia 1511 hadi 1641, wapo akina Pereira wanaosema Kikristang, lugha yao ya mchanganyiko, na wengine wako Singapore.

Na jambo moja la lugha yetu. Mapera tunayokula huku pwani, lile neno "pera" tumelitoa kwa Wareno, pamoja na meza, leso na bandera. Kwao pera ni tunda la nchi za baridi, sisi tukalipa tunda letu jina hilo, na mti wake tukauita mpera. Kwa hiyo Pereira ukitaka kulitia Kiswahili ni Mpera tu. Jina lako halikuwa geni sana.

Binti Katuba

Aksanti sana, papa, na aksanti Mwana Upanga. Hapa kwetu nasi twasema mapera! Kambo alipanda mti huo nyuma ya nyumba, na alikuwa akitufukuza tusiyachume mabichi. Sisemi alikuwa na maana, pengine alipenda matunda tu. Ila nimesoma maneno yako mara tatu.

Kuhusu wale mabenki wa Paris, kuna anayejua? Baba mdogo ameshaanza kusema na wao ni ndugu zetu.

Mwalimu wa Kolwezi

Hao ni Émile na Isaac Pereire. Walijenga reli ya abiria ya kwanza ya Paris, ile ya kwenda Saint-Germain, iliyofunguliwa mwaka 1837, na mwaka 1852 wakaanzisha benki ya Crédit Mobilier. Kambo wao, Jacob Rodrigues Pereira, alikuwa Myahudi wa ukoo wa Ureno aliyekaa Bordeaux, na alipata sifa kubwa kwa kuwafundisha mabubu kusema. Huyo namheshimu kuliko wajukuu wake wenye pesa. Mimi hufundisha watoto viziwi, najua kazi aliyoifanya.

Chanzo ni hiki. Mwaka 1497 mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliwalazimisha Wayahudi wote kubatizwa. Wakapewa majina ya Kikristo. Waliobaki na imani yao kwa siri walitoroka baadaye, wakaenda Amsterdam, Hamburg, Bordeaux, na huko wakarudia dini yao wazi huku wakibaki na majina ya Kireno. Ndiyo maana watu husema jina la mti, Pereira, Oliveira, Carvalho, ni alama ya Uyahudi.

Mzee wa Reli

Mwalimu, yote uliyosema juu ya mabenki na kambo wao ni kweli, na kazi yako Mungu aibariki. Lakini neno la mwisho naomba tulirekebishe, maana nimeona watu wakijijengea ukoo mzima juu yake. Majina ya miti yalikuwepo Ureno kabla ya 1497. Jemadari Nuno alipigana Aljubarrota zaidi ya miaka mia kabla ya hapo. Wayahudi waliobatizwa walichukua majina yale yale ya majirani zao, ya miti na yasiyo ya miti, ndivyo walivyofichika. Jina la mti halithibitishi Uyahudi wala halikanushi.

Hapa Lubumbashi tuna mfano tofauti. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, waliojenga sinagogi yetu ya mjini, nao wana majina yanayosikika kama ya Kireno. Asili yao ni Uhispania, walikofukuzwa mwaka 1492, na njia yao ilikuwa Uturuki na Ugiriki, wala haikupita Angola. Watu wa mtaani waliwaita wote "ba Portige", pamoja na Wagiriki na Waitaliano, mradi wana duka. Mwaka 1973 Mobutu alipotaifisha maduka, wengi wao waliondoka kwa mafungu, na sisi tukabaki na jina moja la kuwachanganya.

Brazil sitakaa sana. Ndiko waliko ba Pereira wengi. Watumwa waliotolewa pwani hizi za kwetu, wengi kupitia Luanda na Benguela, mara nyingi walipewa majina ya mabwana zao, na utumwa ulikoma kule mwaka 1888 wakiwa nayo. Pereira wa Brazil anaweza kuwa mtu wa damu ya Angola kuliko wewe unayetafuta Angola. Argentina na Uruguay huandika Pereyra. Marekani, wahamiaji wa visiwa vya Azores waliokwenda kuvua nyangumi, baadhi yao walijiandika Perry ili makarani wasihangaike.

Afrika nako jina limepanda juu. Aristides Pereira alikuwa rais wa kwanza wa Cabo Verde, tangu 1975 hadi 1991. Carmen Pereira wa Gine-Bisau alikaimu urais siku tatu mwezi wa Mei 1984, mwanamke wa kwanza wa bara letu kukalia kiti hicho katika jamhuri. Ukipenda mpira, Danilo Pereira aliyechezea timu ya Ureno alizaliwa Bissau.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako, mama, kwa sababu hayo yote ni ya dunia, na wewe umeuliza la kambo. Ifungue polepole, usiivute mikunjo. Tafuta maneno mawili. La kwanza ni "filho de", maana yake mtoto wa. Kama mbele yake utakuta "pai incógnito", ndiyo kusema baba hakutajwa. Hapo maneno ya baba mdogo yana mahali pa kusimama, kwani Wareno wengi walizaa na wanawake wa Angola na hawakuandika majina yao. Siwezi kukudanganya kwamba hilo halikutokea. Lakini kama baba ametajwa, basi msome jina lake. La pili ni "padrinho", yaani baba wa ubatizo. Huko Angola, kijana wa kijijini aliyefika misheni mara nyingi alitoka na jina la padrinho wake. Sheria ya Wareno iliwaweka watu weusi karibu wote kwenye daraja la "indígena", yaani mwenyeji asiyehesabiwa raia, hadi 1961, na jina la kanisani lilikuwa mlango mdogo wa kuhesabiwa mtu.

Utakachokuta, kikubali. Kambo wako ni yule yule aliyekufukuza kwenye mapera.

Binti Katuba

Papa, nimechelewa kujibu siku nne. Niliogopa kuifungua, nasema kweli. Jana Jumapili baada ya misa tulikaa wote watatu, mimi, shangazi na baba mdogo, tukaiweka juu ya meza kwenye kitambaa cheupe. Mimi ndiye niliyesoma kwa sababu macho ya shangazi yamechoka.

Maneno yako yote mawili yapo. Penye "padrinho" pameandikwa António Pereira, na mbele yake "catequista". Nadhani ndiyo katekista. Shangazi alikumbuka papo hapo kwamba kambo alikuwa akimtaja katekista wake, aliyemfundisha kusoma chini ya mti, na kwamba alikuwa Mchokwe kama yeye. Alijua hadithi hiyo miaka yote, hakujua kama inahusu jina.

Penye "filho de" wino umefifia na mkunjo umepita katikati. Jina la mama yake limekatika, tunaona herufi mbili tu za mwisho, b na o. La baba limebaki zima. Ni Kayombo.

Baba mdogo hakusema kitu muda mrefu. Kisha alitoka nje, akampigia mtoto wake wa kwanza. Nilimsikia dirishani akimwambia: "Kayombo, mwanangu, wewe ni jina la kambo yangu." Alilirudia mara mbili, simu ilikuwa inakatika.

Mimi nitamwandikia kaka yangu kule Likasi. Kama kuna mtu hapa mwenye ndugu Luena, Vila Luso ya zamani, tafadhali aniulizie ile misheni kama vitabu vya ubatizo vya mwaka 1941 bado vipo. Natafuta jina la mwanamke linaloishia na "bo".

Mzee wa Reli

Nina mwenzangu wa kazi aliyerudi Luau. Nitamtumia ujumbe kesho asubuhi. Ile karatasi usiikunje tena, iweke kati ya vioo viwili, na shangazi asikubali mtu aipige gundi.